Kadi ya kufunga ifunge na mwenyewe

Kwenye Magic: The Gathering, mchezo wa kadi ambao kila mtu anakuja na deki (fungu la kadi) aliyoipanga mwenyewe, kuna kadi ambazo kazi yake ni kukataza tu: usichukue kadi nyingi, usitumie vifaa vyako, usinijibu katika zamu yangu. Kila zinapotoka mpya, wachezaji wa mashindano hulalamika, na wapo wanaotaka zote zipigwe marufuku. Mimi simo. Kinachonikera ni kadi inayomfunga mpinzani huku mwenyewe akitamba.

Winter Orb ilikuwepo tangu toleo la kwanza, 1993. Ikiwa mezani, kila mchezaji anafungua ardhi moja tu kwa zamu, aliyeiweka akiwemo. Ardhi ndizo kadi zinazotoa mana, nguvu ya kulipia kadi nyingine, na ikishatumika hubaki imefungwa hadi ifunguliwe. Kwa hiyo huwezi kuichomeka kwenye deki yoyote. Lazima uipange deki nzima iweze kuishi na njaa hiyo. Thalia, Guardian of Thraben, wa 2012, naye anapandisha gharama ya kila kadi isiyo kiumbe (viumbe ndizo kadi za kupigana), yako na yangu. Tena ni kiumbe dhaifu, anauawa kirahisi. Deki zinazounganisha kadi mbili tatu na kumaliza mchezo mapema zinahitaji mtu wa kuzishika shati, na Thalia anaifanya kazi hiyo bila kuonea mtu.

Mei 2019 likaja toleo la War of the Spark, na kadi za Teferi, Narset na Karn ambazo makatazo yake yanawagusa wapinzani peke yao.

Chukua Teferi, Time Raveler. Umeshika kadi za kuzuia, zile za kubatilisha kadi ya mpinzani anapoitoa, ardhi mbili ziko wazi, mwenzako anamshusha katika zamu yake ya tatu. Ukishindwa kumzuia hapo hapo, kadi zako za kuzuia zimekuwa karatasi. Katika zamu yake huna la kujibu. Katika zamu yako yeye anakujibu apendavyo. Kisha Teferi huyo huyo anakurudishia mkononi kiumbe chako na kumpa bwana wake kadi mpya. Mkuki kwa nguruwe! Hakuna deki ya kupanga upya wala gharama ya kulipa: ukiwa na rangi nyeupe na bluu, unaweka nakala zake nne, basi. Alikaa Standard, mfumo wa mashindano wa kadi za matoleo ya karibuni, hadi Agosti 2020 ndipo akafungiwa.

Narset ni yale yale. Anamnyima mpinzani kuchukua zaidi ya kadi moja kwa zamu, na ukimwoanisha na Day's Undoing, kadi inayompa kila mchezaji kadi saba mpya, wewe unapata kadi 7, mwenzako 1. Kwenye Vintage, mfumo unaoruhusu karibu kadi zote za zamani, walimbana mwaka huo huo wa 2019, nakala moja tu kwa deki.

Lakini kesi ya Karn ndiyo inayonichekesha. Anazuia vifaa vya mpinzani visitumike. Mycosynth Lattice, kadi ya 2004, inageuza kila kitu mezani kuwa kifaa, ardhi zikiwemo, na yeye Karn anaweza kuileta kutoka nje ya mchezo. Zikikutana, mpinzani hawezi hata kutoa mana kwenye ardhi yake. Januari 2020 kwenye Modern, mfumo mwingine wa mashindano, wakachukua hatua: wakaifungia Lattice, ambayo ilikuwa imekaa miaka yote hiyo bila kumsumbua mtu. Karn wakamwacha. Upande wa Pioneer, mfumo mwingine tena, ilibidi kusubiri hadi Desemba 2023 ndipo wakamfungia Karn mwenyewe.