Saa ya ukutani imekuwa yai

Jamani mimi kuediti video sikusomea. Nilijifunza usiku usiku kwa kuangalia wenzangu wanavyofanya, na kosa langu ni kwamba siku moja nilijisahau nikasema mbele za watu kuwa najua. Ukishasema unajua umekwisha. Shangazi katimiza miaka 60, familia ikakaa kujadili nani atatengeneza video, mimi nikatoka nje mara moja kupokea simu, narudi nakuta nimeshachaguliwa na kikao kimefungwa.

Haya. Kamera tuliazima, moja ya zamani ya kanda ndogo, nzito kama betri la gari, lakini picha yake safi huwezi amini. Shemeji naye akarekodi kwa simu, na shangazi mwenyewe akanipa kanda ya enzi zake za usichana akaniambia nisipoiweka nisimwamkie tena. Nikakaa chini nikakata, nikaunga, nikaweka muziki, pale anapofuta machozi nikapunguza mwendo, mwenyewe nikawa naangalia naitikia kichwa, nasema huyu kijana anajua. Kwenye programu kila kitu kilikuwa sawa kabisa, naomba mlishike hilo. Nikabonyeza eksipoti, yaani kutoa faili la video iliyokamilika, masaa matatu, feni ya kompyuta inalia kama inataka kupaa, nikalala.

Asubuhi sikukagua. Nilituma moja kwa moja kwenye grupu la familia na vialama vya kucheka na kulia.

Wa kwanza kujibu ni shemeji: “Hawa ni kina nani?”

Nikafungua. Aisee. Ukumbi mzima umekonda. Watu wamerefuka, nyuso kama migongo ya vijiko, shangazi ambaye ni mtu wa mwili wake kasimama pale kama nguzo ya umeme iliyovishwa kitenge, na nyuma yake saa ya ukutani, saa ya duara, imekuwa yai. Nikanawa uso nikarudi, bado yai. Nikaifuta kwenye grupu kwa wote, lakini nyie mnawajua ndugu, walishaiona kumi na saba.

Ndipo washauri wakazaliwa. Sijui hawa watu wanakuwaga wapi siku za kawaida. Mmoja anasema zima kompyuta uwashe, mwingine anasema ni kirusi, mwingine ambaye juzi tu aliniomba nimwekee picha ya wasifu anasema “hapo ni kodeki hapo”, amelisikia wapi neno hilo la kubana video Mungu ndiye anajua. Nikazima nikawasha, nikaeksipoti tena, masaa matatu mengine, yai lilelile, kumbe kompyuta inarudia kosa kwa uaminifu kabisa.

Binamu akaja na lake: chukua hiyo video iliyokonda, irudishe ndani ya programu, ivute kwa upana mpaka watu wajae. Kwa akili ya saa nane za usiku likaonekana wazo la maana. Nikavuta kwa macho, nikafika asilimia 150, nikaona hapo wako vizuri. Asubuhi shemeji ananipigia simu, hajasalimia, ananiuliza nina tatizo gani naye, maana kanenepa mpaka tai imekuwa bibu. Na ubora umeshuka, si unajua tena, ukishatoa faili halafu ukalirudisha ukalitoa mara ya pili linakuwa kama nguo imefuliwa mara mia.

Jaribio la tatu nililifanya mwenyewe na silitaki hata kulikumbuka. Nikaingia kwenye setingi za projekti nikaona 1440 kwa 1080, yaani pikseli, vile vidoto vya picha, upana kwa urefu. Nikasema ahaa mchawi huyu hapa, si kila mtu anasema HD kamili ni 1920 kwa 1080, nikafuta 1440 nikaandika 1920, nyingine zote nikaziacha kama zilivyo. Ikatoka picha ndogo katikati, weusi juu, weusi chini, weusi kushoto na kulia, watu wana umbo lao sahihi ndiyo, lakini ni kama unawachungulia kwenye tundu la barua. Masaa matatu na nusu hiyo.

Nikakata tamaa nikachukua rula. Usicheke. Nikairudisha ile video ya kwanza, nikaisimamisha pale saa inapoonekana vizuri, nikaweka rula juu ya skrini. Upana sentimita 9, urefu sentimita 12. Nikachukua simu nikagawanya, 12 kwa 9, ikanipa 1.333. Hiyo namba nilishaiona! Nikarudi kwenye setingi za projekti mbio, na kweli, chini ya pale nilipofuta 1440 kuna mstari mmoja sijawahi kuujali tangu nizaliwe, umeandikwa uwiano wa pikseli, na mbele yake HD anamofiki, 1.333. Nikafungua setingi za eksipoti: 1440 kwa 1080 vilevile, lakini uwiano wa pikseli umeandikwa 1.0, pikseli za mraba.

Yaani mimi miaka yote najua pikseli ni kidoto cha mraba. Kumbe siyo lazima. Hizi kamera za HDV kama ile tuliyoazima, mfumo wa kurekodi HD kwenye kanda uliotangazwa mwaka 2003, zilitengenezwa zitumie kanda zilezile ndogo za MiniDV zilizokuwepo tayari, na kanda ile inabeba megabiti 25 kwa sekunde basi, huwezi kuibembeleza. Wenye mfumo wakaona mstari wa pikseli 1920 ni mzigo, wakabana mpaka 1440, robo ya picha ikaondoka, halafu wakasema wakati wa kuonyesha kila pikseli ivutwe upana mara 1.333. Piga hesabu mwenyewe, 1440 zinarudi kuwa 1920. Ni kama shati umelikunja kwenye begi, ukifika unalikunjua. Programu ilikuwa inanikunjulia wakati naediti ndiyo maana naona mambo safi, halafu kwenye kutoa faili mimi nikaiambia pikseli zote ni mraba usikunjue kitu, ikatii. Nimemvalisha shangazi shati likiwa bado limekunjwa. Na ile picha ya tundu la barua ni kwamba nimeongeza 1920 huku 1.333 iko palepale, turubai ikawa pana kupita kiasi, video ikapata weusi pembeni, halafu ilipobanwa kuingia kwenye faili la kawaida ikapata weusi juu na chini.

Ile kanda ya usichana nayo ina mambo yake, 720 kwa 576, ambayo ukigawanya unapata 1.25, siyo 4:3 ya tivii za zamani, siyo 16:9 ya tivii pana, hata sijui walikuwa wanagombana na nani. Lakini hiyo programu iliitambua yenyewe, sikuigusa, kuna vitu unaviacha vilale.

Nikarudisha projekti kama ilivyokuwa, nikaenda kwenye eksipoti tu, nikaweka 1920 kwa 1080, pikseli 1.0. Safari hii nikawa na akili kidogo, nikatoa sekunde 10 peke yake, pale penye saa. Dakika moja tu. Rula: 12 kwa 12. Nikapiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Kumbe siku zote ningeweza kutoa sekunde 10! Siku nne nimelala na feni ile kama mgonjwa wodini.

Jumapili nikaenda kwa shangazi na fleshi yangu, kifua mbele. Nikamwamkia, akaitikia, ndugu wamejaa sebuleni, nikachomeka kwenye tivii. Yai.

Nilitaka kulia. Rula nilikuwa nayo mfukoni, ndiyo, nimefika huko, nikasogea mbele ya watu nikapima: 18 kwa 24. Ile ile! Ila safari hii kuna vipande vyeusi kushoto na kulia. Tivii yenyewe ni ile pana, ya 16:9, nikaomba rimoti, nikatafuta sehemu ya umbo la picha, nikakuta imewekwa 4:3. Yaani mimi natoa picha pana, tivii inaibana iingie kwenye kiboksi, inakonda kwa kiasi kilekile nilichohangaika nacho wiki nzima. Nikabonyeza 16:9. Pwaa, watu wakakaa kwenye miili yao, saa ikawa saa, shemeji akapiga makofi.

Shangazi kimya. Halafu: “Wewe mtoto, umefanya nini tivii yangu?”

Nikamweleza, shangazi hii ilikuwa imebanwa, sasa ndiyo sahihi. Akaninyang'anya rimoti akaweka taarifa ya habari. “Ona. Huyu mtangazaji namwangalia kila siku, ni mwembamba. Umemvimbisha. Rudisha.” Kumbe tangu fundi alipoifunga hajawahi kuiona ikiwa sawa. Shangazi, nikasema, huyo ndiye mtangazaji mwenyewe. “Rudisha nimesema.” Nikarudisha. Tukaangalia video nzima ya shangazi ikiwa yai, kwa utulivu, yeye anafuta machozi, na pale nilipopunguza mwendo akanigeukia akasema hapo amependeza sana.

Naaga natoka, ananifuata mpaka mlangoni, anaongea chini chini watu wasisikie. Ile video uliyotuma kwanza kwenye grupu, ile sina tumbo, naitaka kwenye simu yangu, usije ukaifuta baba.

Nilishaifuta, na kompyutani nikaifuta pia kwa hasira. Sasa hivi saa sita usiku nimekaa hapa, nimeweka 1440, pikseli za mraba, kwa makusudi kabisa, na inasema zimebaki masaa mawili na dakika 40.