Mtu huelewa neno hata asipoona picha

Katika mikutano ya walimu wa Kiswahili hapa Lamu, kuna ushauri ambao sasa umekuwa kama sheria. Mwanafunzi akimaliza kusoma kifungu cha ufahamu, mwambie afumbe macho aone picha ya alichokisoma. Asiyeiona, hajaelewa. Nusu ya kwanza ya ushauri huo ina faida yake. Hiyo nusu ya pili ndiyo inayonikera, maana kuna watoto wanaohukumiwa kwayo.

Ushauri wenyewe haukuzuka tu. Mwaka 1971 Allan Paivio, mwanasaikolojia wa Kanada, alieleza kwamba neno kama "nazi" huwekwa akilini kwa njia mbili, kama neno na kama picha, ilhali "haki" hubaki na njia moja. Ndiyo sababu, kwa maelezo yake, majina ya vitu hukumbukwa vizuri kuliko majina ya dhana. Mwaka 2002 Rolf Zwaan na wenzake waliwasomesha watu sentensi kuhusu tai aliye angani au tai aliye kiotani, kisha wakawaonyesha mchoro wa tai. Aliyesoma habari za angani alimtambua upesi zaidi tai aliyetandaza mabawa. Aliyesoma habari za kiotani, tai aliyeyakunja. Kwa lugha ya kwetu, ukisoma kwamba jahazi liko njiani kwenda kisiwa cha Pate, tanga limeshatwekwa akilini mwako kabla hujaambiwa. Miaka miwili baadaye Olaf Hauk na wenzake wakaonyesha kwamba vitenzi vya mguu, mkono na uso huamsha sehemu za ubongo zinazohusika na kutumia viungo hivyohivyo.

Ushahidi huo ni mzito na siupuuzi. Ila sehemu ya ubongo kuamka ni jambo moja, na mtu kuona picha ni jambo jingine. Vipimo hivi hunasa mambo yanayopita ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, na msomaji anaweza asihisi kwamba kuna lolote lililopita. Hata hilo pengo kati ya "nazi" na "haki" si la kudumu: mwaka 1983 Paula Schwanenflugel na Edward Shoben waligundua kwamba maneno ya dhana yakipewa muktadha wa kutosha, husomwa kwa kasi ileile ya majina ya vitu.

Halafu kuna watu wasioona picha yoyote wakifumba macho. Francis Galton aliwataja tangu 1880, baada ya kuwauliza watu wanaionaje akilini meza yao ya kifunguakinywa. Baadhi ya wanasayansi walimjibu kwamba hawaoni kitu. Mwaka 2015 Adam Zeman na wenzake waliipa hali hii jina la afantasia. Makadirio ya karibuni ni kwamba asiye na picha kabisa ni kama mtu 1 kati ya 100, na ukiongeza wale ambao picha zao ni hafifu mno, unakaribia 4. Ed Catmull, mmoja wa waanzilishi wa Pixar, kampuni ya filamu za katuni, amesema wazi kwamba yeye ni mmoja wao. Nani atasema Catmull haelewi anachosoma?

Lakini utafiti ninaourudia kila mara ni wa Marina Bedny na wenzake, uliochapishwa 2019. Waliwachukua watu waliozaliwa vipofu na watu wanaoona, wakawauliza kuhusu vitenzi vya kuona na vya mwanga: kipi kinakaribiana na kipi. Fikiria vitenzi vyetu: chungulia, kodoa, tupia jicho, meremeta, metameta. Kuchungulia ni kwa kujificha, kukodoa ni kwa kukaza, kutupia jicho hakudumu. Mtu ambaye hajapata kuona mwanga angejuaje tofauti hizo? Ila vipofu walijua, na majibu yao yalifanana sana na ya wanaoona. Maana ya maneno hayo waliipata katika mazungumzo, kwa kusikia nani anasema nini na lini. Kama maana ingekuwa picha, vitenzi hivyo vingekuwa vitupu kwao. Sijaona bado jibu la kuridhisha kutoka kwa wanaoshikilia kwamba bila picha hakuna kuelewa.

Picha hufanya kazi nyingine. Mwaka 2021 watafiti wa Sydney waliwasomesha watu hadithi za kutisha gizani huku wakipima jasho la ngozi. Wenye picha walionyesha dalili za hofu. Wenye afantasia hawakuonyesha. Walipoonyeshwa picha halisi za kutisha, makundi yote mawili yalishtuka. Hapa ninakubaliana na wenzangu moja kwa moja: picha ya akilini huipa hadithi joto, na mwalimu wa fasihi ana haki ya kuitafuta. Ila joto la hadithi na maana ya sentensi havipimwi kwa kipimo kimoja.

Nimeona hilo darasani, kidato cha pili. Kifungu kilikuwa cha jahazi lililokumbwa na kusi, nahodha akaamuru tanga litulwe kabla ya kuingia mkondoni. Kijana mmoja alichora jahazi la kupendeza, foromali (boriti inayobeba tanga) juu, tanga limejaa upepo. Binti aliyekaa karibu naye hakuchora kitu. Alisema haoni chochote akifumba macho. Nilipouliza kwa nini nahodha aliamuru vile, binti akaeleza: njia ni nyembamba, upepo unasukuma kuelekea mikoko, na jahazi lenye tanga kamili halisimami upesi. Kwa ule ushauri wa mikutanoni, aliyeelewa ni kijana, ingawa tanga lake liko juu na kifungu kinasema limetulwa.

Kwa hiyo ninachoomba katika mitihani yetu ya ndani ni kidogo. Swali la "chora ulichosoma" libaki kwa anayelitaka, lisibebe alama za ufahamu. Alama hizo ziende kwenye maswali ya kwa nini, ya nini kingetokea nahodha asingeamuru vile, na ya nani alijua nini wakati gani. Na pale kitu chenyewe hakijulikani, kama mtoto wa Mpeketoni asiyewahi kuingia nyumba ya mawe ya Mkomani, mtaa wa mji wa kale wa Lamu, anapokutana na neno "zidaka", yaani vishubaka vya ukutani, mwalimu ampeleke akazione ukutani au amletee picha ya karatasi. Kumwambia afumbe macho hapo hakumsaidii yeyote, mwenye picha wala asiye nazo.