Spidi test au kaunta ya rauta, tumwamini nani?

Kuna ofisi naiangalizia mtandao, watu kama 25, laini ni Mbps 20 kushuka na 5 kupanda. Wiki ile kila ikigonga saa nane mchana kelele zinaanza, net imekufa, bosi anatoa simu anapiga spidi test inakuja 4, basi ndo wimbo, tuongeze kifurushi twende 50. Nikamwambia ngoja kwanza tuone tunatumia ngapi. Ubishi ukaanzia hapo, na kusema kweli hakuna aliyekosea moja kwa moja.

Spidi test ina haki yake. Pima usiku ofisi ikiwa tupu, kompyuta moja tu imechomekwa waya, ukipata 8 badala ya 20 hapo una kesi ya kumpelekea mtoa huduma. Ila saa nane mchana hiyo 4 haisemi kitu, maana test yenyewe inaingia kugombania laini na wenzake, sasa utajuaje kama laini ni mbovu au imejaa? Ni kama kupanda daladala limefurika ukabahatisha siti moja ya nyuma, halafu ushuke utangaze gari lina siti moja.

Kaunta ya rauta yenyewe haibahatishi, inahesabu kila baiti iliyoingia na iliyotoka kwenye poti. Nikasoma poti ya WAN, yaani ile inayoenda kwa mtoa huduma, nikasubiri sekunde 60, nikasoma tena, tofauti ni baiti milioni 45. Zidisha mara 8 upate biti, maana baiti moja ni biti 8, gawa kwa 60, unapata Mbps 6. (Hiyo mara 8 imewagombanisha watu wengi sana na watoa huduma bure tu, mtu anasoma baiti wakati kifurushi kinahesabiwa kwa biti.) Na iwe WAN kweli, sio LAN, yaani mtandao wa ndani ya ofisi, maana LAN inabeba hata picha za kamera zinazoenda kwenye rekoda humo humo ndani, tena huko mambo yanageuka, daunlodi ya watu kwa poti ya LAN inaitwa TX, yaani kinachotoka kwenye rauta.

Sasa 6 kati ya 20, bosi akacheka, "si unaona laini haijajaa, wanatuibia". Na kwa namba ile ningekuwa yeye ningesema hivyo hivyo.

Maana kaunta nayo ina upofu wake. Grafu nyingi za SNMP (njia ya programu kusoma kaunta za rauta kwa mbali) zinasoma kila dakika 5 halafu zinakupa wastani. Laini ikijaa 20 kwa dakika moja, dakika 4 zilizobaki ikawa 3, grafu inachora 6.4, wakati kuna mtu simu yake ya video imegandia mdomo wazi. Halafu kaunta za zamani za biti 32 zinajaa zikifika baiti bilioni 4.29 na kuanza sifuri upya, kwa laini ya giga 1 ikiwa imejaa hiyo ni sekunde 34 tu, kwa hiyo chukua zile za biti 64 la sivyo grafu itakudanganya mchana kweupe. Na rauta ikizimika umeme ukikatika, hesabu nyingi zinaanza sifuri upya.

Kwetu wala haikuwa wastani. Nilikuwa naangalia kushuka tu kama kila mtu. Kucheki upande wa kupanda: 4.9 kati ya 5! Aplodi ikijaa hata daunlodi inakwama, kwa sababu majibu ya "nimepokea" nayo yanapanga foleni huko huko.

Ila kaunta ya poti haikutajii nani. Nikafungua Torch, kifaa cha kuangalia trafiki papo hapo kwenye rauta yetu ya MikroTik, ikanionyesha IP moja (anwani ya kifaa kwenye mtandao) inapandisha bila kupumua, simu inatuma picha na video kwenye hifadhi ya mtandaoni, mwenyewe kaenda kula. Hapa nawaelewa wanaosema kupima mtu mmoja mmoja ni uchunguzi, unaona fulani anaongea na seva gani saa ngapi, na rauta ndogo inahema. Mimi nafungua tatizo likiwepo, nikimaliza nafunga. Wanaotegemea hesabu za simple queue, yaani foleni za MikroTik za kumwekea kila mtu kikomo, nao wacheki FastTrack, njia yake ya mkato ya kupitisha trafiki haraka, ikiwa imewashwa trafiki inapita pembeni na queue haioni kitu.

Ile simu nikaiwekea kikomo cha Mbps 1 kupanda. Kifurushi ni kile kile cha 20, ila bosi anaamini nilipandisha kimya kimya.