Kijana wa Benki

Kwa muda wa miaka miwili hivi, muuza kahawa wa mtaani alikuwa akizijua namba za benki za shangazi yangu kabla shangazi mwenyewe hajazijua.

Shangazi anakaa Kibokoni, Mji wa Kale, katika zile nyumba za mawe ya matumbawe ambazo kuta zake ni nene hata mtoto akikaa dirishani humwoni. Nyumba kama hiyo ni rehema mwezi wa Februari, Mombasa nzima inapotokota, ila ina dhambi moja: chini hakuna netiweki. Netiweki iko orofani, kwenye roshani, tena si roshani yote, ni pembe ya kushoto palipo na chungu cha asumini. Hapo ndipo kabambe yake, ile simu ndogo ya vitufe, ilipokuwa ikishinda na kulala, imeegemezwa kwenye chungu, laini ya benki ndani. Ile simu kubwa ya kugusa aliyoletewa na mwanawe kutoka Muscat ilikaa naye chini jikoni, ikinywa waifai ya jirani, na ndiyo iliyokuwa na programu ya benki.

Shangazi ni mweka hazina wa chama cha kina mama. Kila akitaka kuingia au kutuma pesa, benki yamtaka athibitishe kwa namba ya tarakimu 6 inayokuja kwa SMS. SMS inatua juu, kwenye asumini. Shangazi yuko chini anakanda unga wa mahamri, mikono myeupe hadi viwiko. Basi mjukuu hupanda, akaisoma, na kwa kuwa ngazi za nyumba zile zataka roho mbili, hashuki tena. Hutoa kichwa roshanini akanadi: "Tatu! Nane! Nane!" Muuza kahawa aliye kibarazani huipokea kwa kugonga finjani zake, "Tatu, nane, nane," akaipitisha mlangoni. Wazee wa baraza nao huirudia ili isipotee njiani. Siku moja mzee mmoja mwenye sikio la kubahatisha alipitisha "sita" mahali pa "saba", na viti vya hitima vikachelewa. Mpaka leo akikosea karata huambiwa: "Sita hiyo au saba?"

Mara nyingine mtoto akiona haya kupiga kelele, namba huandikwa kwenye kijikaratasi ikateremshwa kwa kikapu cha kamba, kile kile kinachopandishia muhogo. Hapo ikifika chini muda wake umeshapita, na muhogo umeshapoa.

Mimi ndiye fundi wa ukoo. Sikusomea. Nilipata cheo hicho siku niliyomzimia mjomba tochi ya simu iliyokuwa imemwakia siku tatu mfukoni. Nilipoona namba ya siri ya benki yanadiwa kama samaki, damu yangu ya ufundi ikachemka.

"Shangazi," nikamwambia, "hii kodi yako..."

Akaacha kukanda. "Kodi ya nini?"

"Ile inayokuja kwa simu."

"Nyumba hino aliijenga babake babangu. Haikupata kulipiwa kodi, wala sitaanza leo. Ni nani aliyekutuma?"

Ilinigharimu vikombe viwili vya kahawa tungu na kashata kumtuliza. Tangu hapo twasema namba.

Nilimweleza kwamba siku hizi simu hujijazia yenyewe. SMS ikiingia, simu yaisoma, yachukua namba, yaitia pale inapotakiwa. Hakuna kupiga kelele, hakuna kikapu. Shangazi akaniuliza swali ambalo ningelitilia maanani mambo yangekuwa mengine: "Na yajuaje kama namba ni yangu?" Nikacheka. Nikamwambia, simu ina akili.

Laini yake ilikuwa ya zamani, kubwa kama kipande cha biskuti, ikabidi nikaikatishe kwa fundi wa Digo Road ndipo iingie kwenye simu ya Muscat. Nikamwekea kiti karibu na asumini, nikamwambia hapa sasa ndipo ofisini. Nikaingia Mipangilio, nikashuka hadi Google, nikatafuta palipoandikwa habari za kujaza kiotomatiki, nikapata kipengele cha namba za uthibitishaji za SMS, nikawasha. Nikaomba namba. Wazee wa baraza wameinua vichwa, muuza kahawa amesimama na dele mkononi.

SMS ikaingia. Kisanduku kikabaki kitupu.

Nikarudia. Kitupu. Nikaizima simu nikaiwasha. Nikapangusa kioo kwa pindo la shati, ambalo ndilo tiba yetu mafundi tusiosomea. Kitupu. Kutoka chini sauti ikauliza: "Tuiteni kikapu?"

Niliondoka na simu ile, na kabambe pia, nikakaa Makadara kwenye benchi, nikasoma habari za mambo haya hadi jua likanihamisha kivuli mara mbili. Na nilichokikuta ni hiki. Simu za Android zina njia mbili. Kuna programu ambazo SMS zake huishia na mkia wa herufi na tarakimu 11 zisizosomeka, kama zile za ndani ya hirizi. Mkia ule ni alama ya programu yenyewe, na simu ikiuona humkabidhi mwenyewe ujumbe wake bila kumuuliza mtu. SMS za benki ya shangazi hazina mkia. Kwa hizo simu hupitia njia ya pili: hukuuliza kwanza, "Je, programu hii iruhusiwe kusoma ujumbe huu?" Ukikubali, inaingia. Inangoja dakika 5, basi. Lakini ina sharti moja. Mtumaji asiwe mtu uliyemsevu kwenye orodha yako ya majina. Jamaa zako na barua zao, programu haina ruhusa ya kuzichungulia.

Nikasema, lakini huyu ni mtumaji wa benki, namba fupi ya tarakimu 5, nani atamsevu mashine?

Nikafungua orodha ya majina yaliyokuja na laini. Baada ya "Khadija Mahamri" na "Khamisi Gesi" alikuwapo: "Kijana wa Benki".

Nikafungua mazungumzo yao kwenye kabambe. Miaka miwili. Kila namba iliyoletwa ilijibiwa. Shangazi haandiki ujumbe kwa mtu mwingine yeyote, sisi jamaa zake twapigiwa tu, tena kwa kudokolewa, lakini Kijana wa Benki alikuwa ameandikiwa.

"Ahsante mwanangu."

"Imefika. Mungu akuweke."

"Leo umechelewa, kwema?"

"Eid mubarak wewe na mamako."

"Usiku wote huu hujalala? Kale ulale."

Yote ikiwa na alama nyekundu ya kushindwa kwenda. Yote, kwanza hadi mwisho. Sikucheka. Nasema kweli, nilikaa pale benchini nikaona moyo unaniuma kidogo. Ndipo nikacheka.

Kumfuta huyo kijana kulikuwa kesi. Nilimwambia shangazi hakuna kijana, ni kompyuta. Akasema hata kompyuta ina mtu aliyeiwasha asubuhi. Nikamwambia asipomtoa, simu haitajijaza mpaka kiyama. Akafikiri, akaona chama na deni la viti.

"Namba yake toa," akasema. "Jina siliwati."

"Jina bila namba la kazi gani, shangazi?"

"Litapata mwenyewe."

Nikafuta namba, jina likabaki peke yake kama chumba kisicho na mpangaji. Tukajaribu. SMS ikaingia, simu ikauliza ruhusa, na shangazi, haraka kama mtu afukuzaye nzi, akabonyeza Kataa. Kwani nani alimfundisha, mwezi uliopita, kwamba kila kitu kinachochomoza kwenye simu na hakijui akikatae? Mimi. Mara ya pili nikamshika mkono. Tarakimu sita zikajipanga zenyewe kisandukuni, moja moja, kama watoto wa chuoni.

Shangazi alipiga kigelegele. Chini wakauliza ni nini, wakajibiwa ni benki.

Nikamaliza kwa mawaidha, maana fundi asiyetoa mawaidha halipwi mahamri. Namba hii usimpe mtu. Hata anayesema yuko benki, usimpe, benki haina haja ya kukuuliza namba iliyokutumia yenyewe. Na soma kabla hujabonyeza. Kisha nikaongeza neno moja ambalo laiti ningelimeza: "Ikikataa kujijaza, niletee mimi nitazame."

Wiki mbili zikapita kwa salama. Ikaja harusi ya binamu yangu. Michango ya kina mama ilikuwa kwa shangazi, ya wanaume ilikuwa kwangu, kwa sababu mimi ni mtu wa simu. Mpishi wa biriani anakaa Likoni, na alikuwa amesema Alhamisi jioni ndiyo mwisho: arubuni isipofika, masufuria yake yanakwenda kwa harusi nyingine ya Ukunda.

Kwa hiyo Alhamisi, saa kumi na nusu, nimo ndani ya feri, nimebanwa baina ya mkokoteni wa machungwa na mama mwenye kuku wawili. Nikawaza, badala ya kungoja ng'ambo, nimtumie sasa hivi, nikifika nimkute anacheka. Nikafungua programu, ya benki ile ile ya shangazi. Yangu ni iPhone, ya mkono wa pili lakini iPhone, na hizi mchezo huu zimeujua tangu mfumo wao wa iOS 12 wa mwaka 2018. Haziulizi ruhusa. SMS yenye namba ikiingia, namba yainuka juu ya kibodi, wewe wagusa tu, umemaliza.

Nikaomba namba. Ikainuka. Nikagusa. "Namba si sahihi."

Kuku mmoja akanidonoa kiwiko. Nikaomba nyingine. Ikainuka, nikagusa. Si sahihi. Nikasema ni mawimbi. Feri yakaribia kutia nanga, watu wameanza ule mkao wao wa kukimbia kabla lango halijashuka, nami nikaomba ya tatu, ikainuka, nikaigusa kwa hasira.

"Akaunti yako imefungwa. Tafadhali fika katika tawi lililo karibu." Matawi hufungwa saa kumi.

Umati ulinitoa nje bila miguu yangu kushiriki. Nikajiegemeza penye kivuli, ndipo nikafungua SMS. Zilikuwa nane. Tatu zangu, kutoka benki. Tano kutoka kwa shangazi.

Mwanamke huyu alikuwa amewaita kina mama wa chama orofani kuwaonyesha maajabu. Kila mara aliingia, namba ikajijaza, wakapiga kigelegele, akatoka, akaingia tena. Na kila namba alinipelekea mimi, ujumbe mzima wa benki, akiongeza maneno yake ukingoni: "Hii imeingia yenyewe." "Hii nayo." "Tazama raha, babangu." Yangu ilipokuwa ikiingia, yake ilikuwa nyuma yake ikimkanyaga kisigino, na kibodi yangu, yenye akili, ilikuwa ikiniinulia ya mwisho kufika. Tarakimu sita ni tarakimu sita. Simu ya shangazi ilimkataa mtumaji wa haki kwa kuwa amesevuwa. Yangu imempokea asiye haki, naye nimemsevu, tena kwa picha.

Nikampigia.

"Shangazi, si nilikwambia namba usimpe mtu?"

"Kwani wewe mtu? Wewe ni mwanangu."

"Nimefungiwa akaunti. Nimetia namba zako."

Kimya. Nilisikia kina mama wakinyamazishwa. Kisha shangazi, kwa sauti ya upole iliyonimaliza kabisa: "Kwani hukusoma kabla hujabonyeza?"

Mpishi nilimkuta amekaa juu ya sufuria iliyopinduliwa. Nikaanza kumweleza habari za SMS, za feri, za kibodi. Akanisikiliza mpaka mwisho, mwungwana yule, kisha akasema, "Bwana, mchele hauloweshwi kwa maelezo." Hajamaliza kusema, simu yake ikalia. Arubuni imeingia, yote, kutoka kwa mweka hazina wa chama, aliyekuwa amekaa kwenye asumini na ambaye, niliambiwa baadaye, alitumia muda mfupi kuliko wa kuosha mikono.

Harusi Jumamosi. Shangazi alitoka na leso mpya ya Biashara Street iliyoandikwa "Usisafirie nyota ya mwenzio". Upande wa wanaume hakuwa na shughuli, lakini alipita mbele yangu mara tatu, mara zote akitafuta birika, mara zote akinipa mgongo ili nisome vizuri. Barazani nilipewa jina siku hiyo hiyo, na muuza kahawa ndiye aliyelitangaza, kwa finjani.

Nilidhani wamelitunga wao. Jumatatu, nikiwa nimepanga foleni benki kufunguliwa akaunti, shangazi akanituma nimwangalilie salio lake. Nikalitazama, nikampelekea. Jibu likaja mara moja, la kwanza la maandishi kutoka kwake maishani mwangu ambalo halikuwa namba:

"Ahsante mwanangu. Leo umechelewa, kwema?"

Nikaenda kwake jioni, nikaomba simu kama ninayetazama mipangilio, nikafungua orodha ya majina. Baada ya Khadija Mahamri na Khamisi Gesi, palikuwa na jina lile lile, na mbele yake namba yangu.