Gari haipigi stata, pantoni zima linanisubiri mimi

Naandika hii usiku huu huu maana mshkaji wangu keshanitangulia na ile klipu yake ya sekunde arobaini ya gari yangu kunigomea Kigamboni, watu wanasema eti nililia, na simu tangu magharibi haijatulia. Basi pokeeni na upande wangu, na la kwanza kabisa: SIKULIA. Lile lilikuwa jasho. Kigamboni saa saba mchana mnaijua wenyewe.

Tulikuwa tunawahi ndoa Kibada, ng'ambo kule Kigamboni. Mshkaji akasema tupite darajani, mimi nikamwambia daraja la nini wakati pantoni hilo hapo Magogoni, dakika chache ushavuka (hapo nilaumuni, ruksa). Tukaingia, kijana anayepanga magari akanisogeza hadi mbele kabisa, wa kwanza kutoka. Nikavuta handbreki, nikarudisha funguo injini ikazima, redio nikaiacha inapiga taarabu yake. Funguo sikuichomoa. Shikeni hapo.

Tumefika ng'ambo, ubao umeshuka, watu wa miguu wanamiminika, yule kijana ananipungia mkono toka toka toka. Nikapiga stata.

Kimya.

Sio ile tk tk tk ya betri iliyochoka, hapana, kimya cha makaburini. Na taa za dashibodi zote zinawaka, honi inalia, taarabu inaendelea kuninanga, ila stata, ile mota ya kuwashia injini, hata kukohoa haikohoi.

Sasa mnanijua. Mimi ndo yule mtu akisema gari yake haiwaki wa kwanza kujibu "angalia plagi mkuu". Kwa hiyo nikashuka na heshima zangu zote, kanzu nyeupe, nikafungua bonet, nikatangaza kwa sauti ya daktari bingwa kwamba terminali za betri zimeshika chumvi. Nikatoa spana namba 10 kwenye buti, nikafungua, nikakwangua kwa sarafu ya mia mbili, nikafunga. Kimya. Nilichoambulia ni redio kusahau stesheni zote na saa kuanza upya.

Nyuma yangu Fuso inapiga honi, bajaji zinapiga honi, jamaa wa guta hana honi anapiga mluzi. Mara mzee mmoja akasema hiyo stata imenata, igonge kidogo itaachia. Na ni kweli stata zikizeeka huwa zinaamshwa hivyo, hakunidanganya. Basi mtu mzima nikalala chali juu ya lile bati la pantoni na kanzu yangu nikishika spana ya tairi, nagonga kitu ambacho hadi dakika hii sina uhakika kama kilikuwa stata.

Nikasema basi nichomoe funguo niirudishe, labda kompyuta yake itajisahau. Funguo ikagoma kutoka! Nikawageukia watu nikawaambia "mnaona? hata loki imekufa". Watu wakatikisa vichwa kwa huzuni. Mnaojua magari mshaanza kucheka, nawaona, tulieni.

Ikabidi kusukuma. Vijana nane, buku mbili mbili kila mmoja, na pale kutoka pantoni ni mlima ule. Nikaachia handbreki, mimi usukanini, usukani mzito kama jiwe, nje wanaimba harambee, gari ikapanda kama toroli la maji mpaka pembeni kule juu. Nikajipongeza moyoni, nikasema angalau bearing zangu nzima.

Fundi akaletwa na boda. Kijana mdogo, ndala, hana hata begi, spana moja mfuko wa nyuma. Nikamsomea ripoti nzima: betri nzima, terminali nimesafisha, stata nimegonga, loki imekufa, mi nahisi ni kontrol boksi. Akanisikiliza mpaka mwisho. Hakufungua bonet. Akauliza kwa upole kabisa,

"Bro, hii ni oto?"

Oto, ya kujibadili gia yenyewe.

"Na mmeisukuma toka kule chini?"

Tumeisukuma.

"Ikasukumika tu vizuri?"

Vizuri sana, nikamwambia, na wale vijana nane wakaitikia "vizuri sana" kama kwaya, maana walikuwa bado wamesimama wanasubiri hela zao.

Akanyamaza. Akaniangalia mimi, akaangalia gari, akaniangalia tena. Halafu akasema taratibu kama anamfunza mtoto kusoma, "Bro. Oto ikiwa kwenye P, ile ya kuegesha, haisukumiki."

Wakuu, pale ndo nikashusha macho kwenye dashibodi. Iko pale. D, gia ya kwenda mbele. Ya kijani, inang'aa, imekuwa inanitazama tangu Magogoni. Nilizima gari ikiwa kwenye D, na oto kwenye D hata uwe na betri ya lori haipigi stata, ndo imetengenezwa hivyo, na ndo maana na funguo iligoma kutoka. Na kwenye kuachia handbreki kule mkono wangu ulipita sentimita chache pembeni ya gia. Pembeni yake!

Yule fundi hakutaka hata kukaa. Akaingiza mkono dirishani, mguu wangu mwenyewe ndo ulikuwa kwenye breki, akasukuma gia hadi P, akanyonga funguo kwa vidole viwili. Vruuum. Vijana nane chini wanagaagaa. Na mshkaji, ambaye nilidhani kaenda kunitafutia maji, nikamwona juu ya kreti ya soda kashika simu.

Fundi elfu thelathini, vijana elfu kumi na sita, ndoa tumekuta watu wanalamba vidole vya pilau, kanzu ina grisi mgongoni nimekula nimeegemea ukuta. Kurudi tulipita darajani na alikuwa anaendesha mshkaji.

Ile saa ya redio bado haijakaa sawa. Kuiseti sijui, na yule fundi simpigii ng'o.