Kabla hujakubali kompyuta ipigwe upya, chomoa kwanza waya wa monita uuangalie

Hii mada imenikaa moyoni muda mrefu na leo naiandika yote, maana Jumamosi nilikuwa Nyegezi, Mwanza, kwenye steshenari ya mama mmoja ninayemheshimu sana, kipindi hiki ambacho wanafunzi wa chuo kikuu cha SAUT wanaprinti risachi zao na foleni inafika mpaka barazani, nikamkuta amekaa pembeni kabisa mikono kashika tama. Shikamoo mama. "Marahaba mwanangu, njoo uone hili balaa, leo sura za watu zimekuwa pana kama wamevimba."

Kweli. Kompyuta yake ni ile ya mtumba, tulishaiwekea mfumo wa Linux Mint badala ya Windows kwa sababu Windows 11 haiikubali na Windows 10 si ndo hivyo tena, masapoti yake yaliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na monita ni ya inchi 20, ile pana, rezolusheni yake halisi, yaani vidoti vya picha kwa upana na urefu, ni 1600 kwa 900. Asubuhi ile imewaka kwenye 1024 kwa 768, imevutwa kwa upana, maandishi yana ukungu, picha za pasipoti zote mashavu, na ukienda kwenye settings za Display hukuti chaguo lolote la juu ya hapo. Fundi alikuwa ameshapita. Kaangalia dakika mbili, kasema mfumo umekufa, inatakiwa ipigwe upya, yaani ifutwe na kuwekewa mfumo mwingine, elfu ishirini, arudishe keshokutwa. Nikamuuliza mama, na mafaili ya wateja je? Eti kaambiwa "tutajaribu kuyaokoa".

Hapo ndo nilipokasirika, na sioni aibu kusema. Mimi mwenyewe nilishapoteza picha zote za msiba wa babu kwa neno hilohilo la tutajaribu, kompyuta ilikuwa na tatizo la mwanga wa skrini tu, ikarudi safi kama imetoka dukani na ndani haina kitu. Zile picha hazitarudi. Kwa hiyo nikisikia mtu anataka kupiga upya kwa sababu ya skrini, najua kuna mtu anaenda kulia.

Nikafungua terminali, lile dirisha la kuandikia komandi, nikaandika xrandr, komandi ya kuuliza na kupanga skrini, ikajibu. Watu wengi wanaogopa lile dirisha jeusi lakini ndilo linalokuambia ukweli bila kuzunguka. Kilichoandikwa pale ni VGA-1 connected, VGA ni ule waya wa picha wa zamani, maana yake kompyuta inajua kuna monita imechomekwa, ila rezolusheni ilizozijua ni chache na ya juu kabisa ni 1024x768. Sasa tulia hapa kidogo maana hapa ndo penyewe. Kila monita ya kisasa inabeba ndani yake kitambulisho kidogo kinaitwa EDID, baiti 128 tu kwa kuanzia, kimeandikwa nani kaitengeneza, ukubwa wake, na picha za ukubwa gani inaweza kuonyesha, ni utaratibu wa VESA, shirika la viwango vya skrini, tangu 1994. Kompyuta ikiwaka inamsalimia monita na monita anatoa kitambulisho. Kikikosekana, mfumo haubahatishi, unachagua kitu salama ambacho karibu kila skrini inakiweza, na kwenye VGA hicho mara nyingi ndo 1024 kwa 768. Kwa hiyo ukiikuta namba hiyo kwenye monita pana, usiseme mfumo umekufa, sema mfumo haujasikia jina la monita.

Nikathibitisha kwa kuhesabu baiti za hicho kitambulisho, nikaandika wc -c /sys/class/drm/card0-VGA-1/edid (kwako inaweza kuwa card1, angalia), jibu likaja 0. Baiti sifuri, yaani kitambulisho hakijafika kabisa.

Wanafunzi walikuwa wamesimama wanasubiri, na mama hawezi kufunga biashara kwa ajili ya darasa langu, kwa hiyo kwanza nikailazimisha. Unaandika cvt 1600 900, yenyewe inakupigia hesabu na kukupa mstari mrefu unaoanza na neno Modeline, unachukua kilichobaki baada ya hilo neno unakibandika baada ya xrandr --newmode, halafu xrandr --addmode VGA-1 1600x900_60.00, halafu xrandr --output VGA-1 --mode 1600x900_60.00. Skrini ikawa nyeusi kama sekunde moja hivi, mama akashika kifua, ikarudi imenyooka, sura za watu zikawa za watu. Kelele pale barazani, "wabeja, wabeja sana!" Ila ujue hiyo njia inafutika ukizima, labda uziweke hizo komandi kwenye faili la .xprofile zijiendeshe kila ukiingia, na mi sikutaka kuziweka, kwa sababu ugonjwa wenyewe ulikuwa bado upo.

Jioni foleni ilipoisha nikazima nikachomoa waya. Waya wa VGA una nafasi 15 za pini, mistari mitatu, tano tano. Usishtuke ukikuta ya 9 haipo, waya nyingi zimetengenezwa hivyo hivyo. Zinazobeba kile kitambulisho ni ya 12 na ya 15, zote mstari wa mwisho. Nikawasha tochi ya simu, nikaona ya 12 imelala kabisa, imeegemea ukuta wa chuma pembeni, mtu alilazimisha kuchomeka ikiwa imepinda. Mama akakumbuka Ijumaa jioni walihamisha meza ili wafanye usafi. Basi. Dada wa saluni ya jirani akatuazima kile kibanio cha kunyolea nyusi, nikaisimamisha taratibu sana maana ikikatika ndo unanunua waya mwingine, nikachomeka, nikakaza zile skrubu mbili za pembeni ambazo watu hawazikazi, nikawasha. 1600 kwa 900 yenyewe, bila komandi hata moja. Nikarudia ile wc -c ikaja 128.

Sasa niseme ninachoamini. Kupiga upya kwa tatizo la skrini, kabla hujaangalia waya na kabla hujasoma kompyuta inasema nini, sio ufundi. Na angempigia upya kweli, angetumia siku mbili, angemfutia kazi za watu, halafu ingewaka kwenye 1024 kwa 768 vilevile, kwa sababu pini ingekuwa bado imelala. Mafundi wenzangu wa Mwanza, wengi mna mikono mizuri kuliko mimi, mnabadilisha chaji poti na kuunga bodi pale mjini mchana kutwa kwenye jua, siwadharau hata kidogo. Nawaomba tu msome kabla ya kufuta. Kuna faili linaitwa /var/log/Xorg.0.log, kwenye mashine nyingine liko ndani ya folda ya mtumiaji, .local/share/xorg, lifungue utafute mistari yenye EE, hayo ndo makosa. Hata kama hujui maana ya mstari mzima, jina la draiva, ile programu inayoendesha kadi ya picha, utaliona na utajua pa kuanzia.

Mteja naye akikuambia inawaka kisha giza tupu, hasa yenye kadi ya picha ya Nvidia, bado sio kifo. Bonyeza Ctrl na Alt na F3, kama imekuletea sehemu ya kuingiza jina na paswedi basi kompyuta ni nzima, kilichoanguka ni picha tu. Kama hata hapo hufiki, ukiwasha shikilia Shift, au gongagonga Esc kwenye mashine mpya kidogo, ije menyu ya GRUB, ile inayowasha mfumo, bonyeza e, nenda mwisho wa ule mstari unaoanza na linux, ongeza nomodeset, halafu F10. Picha itakuja mbaya mbaya lakini itakuja, na mafaili utayaona, uyahamishie kwenye flashi kwanza ndo uhangaike na draiva.

Za TV za ukutani ndo hazihitaji hata kompyuta kuguswa. Kanisani Kirumba maneno ya nyimbo yalikuwa yanakatwa pembeni, vijana wamebadili settings wiki nzima, kumbe TV yenyewe inakuza picha na kula kingo, ukaingia kwenye menyu ya TV kwa rimoti ukaweka Just Scan au Screen Fit imeisha.

Kitu kimoja cha kuwa nacho makini, hizi komandi za xrandr ni za X11, mfumo wa kuonyesha picha kwenye Linux, wa tangu 1987, mwaka uleule IBM walipoleta VGA. Saivi mashine nyingi zinakuja na Wayland, iliyoanza 2008, na pale xrandr itakuonyesha majina lakini haitakusikiliza. Andika echo $XDG_SESSION_TYPE itakuambia uko wapi, kama ni wayland toka kwenye akaunti (log out), na pale pa kuingiza paswedi angalia kama kuna kialama cha gia kinachokupa Xorg, ndo hiyo X11, kama hakipo basi fanyia mambo yako kwenye settings za desktopu yenyewe. Ile ya pini lakini ni ileile popote, waya haujui wala haujali uko mfumo gani.

Jana mama kanipigia. Yule fundi karudi kuchukua CPU, mama kamwambia imepona, akauliza imeponaje, akaonyeshwa ule waya na pini ya 12. Kaomba namba yangu, nimemwambia mama ampe.