Bibi, Hiyo Ni Nembo!

Shemeji yangu ni shabiki wa kufa wa Rapha, kampuni ya nguo za waendesha baiskeli, na maishani mwake hajawahi kugusa hata soksi yao. Anawajua kwa simu tu. Jioni bando likiwepo anajikunja barazani Shangani, hapa Mtwara, anatazama Wazungu wakipanda milima kwa baiskeli kwenye mvua, picha nyeusi na nyeupe, uso umekunjamana, hakuna anayecheka.

"Unaona, shem? Hawa hawauzi jezi. Wanauza mateso."

Hapo simpingi. Kampuni ilianzia London mwaka 2004, na mwanzilishi wake, Simon Mottram, hakutokea kwenye cherehani, alitokea kwenye kazi ya kushauri watu kuhusu chapa. Jina lenyewe limetoholewa kwa timu ya zamani ya baiskeli ya Ufaransa, Saint-Raphaël. Rangi zao zimetulia, na jezi yao iliyowapa umaarufu ina ukanda mmoja tu kwenye mkono wa kushoto, basi. Mwenye macho atajua, asiye na macho apite.

Ninachokataa ni kuuziwa mateso. Hapa Mtwara tunayo bure. Kuna watu wanaingia mjini alfajiri na magunia ya mkaa juu ya baiskeli za Phoenix, wanasukuma kilimani shati limeganda mgongoni, na sijaona hata mmoja aliyepigwa picha nyeusi na nyeupe.

Mimi ni wa Italia. Mtaliano anakuuzia mbio. Castelli, wale wenye nembo ya ng'e, wanahesabu ukoo wao tangu kwa fundi Vittore Gianni wa Milano, mwaka 1876. Santini wapo tangu 1965, na jezi ya njano ya anayeongoza mbio za Tour de France wameishona wao kuanzia 2022. Shemeji akizidiwa hapo hukimbilia kwa Waswisi, Assos, na mimi humwambia kwa bei ya bukta moja ya Assos anaezeka banda la kuku na chenji inabaki.

Ila lazima niseme ukweli kuhusu ukaaji wa nguo hizi. Zimeshonwa kwa mtu aliyeinama. Mbele jezi ni fupi, nyuma ndefu. Juu ya baiskeli inakaa vizuri mno, ukisimama wima inakuvuta kifua kama inakudai. Saizi za Mtaliano nazo hazina huruma, mtu wa ugali wa muhogo na pweza wa nazi aongeze moja, akiweza mbili. Bukta ndiyo kiboko: ina kanda za kupita mabegani chini ya jezi, ina sponji ya kukalia ambayo zamani ilikuwa ngozi laini ya mnyama, na ina sharti lake, kwamba ndani yake huvai kitu. Sponji inataka kugusa mwili, chupi itakuchubua.

Hilo sharti likumbuke.

Sasa, mkitaka kujua masoko ni nini, msiende London. Nendeni kwenye mitumba asubuhi balo likifunguliwa. Jamaa mmoja pale aliniona nimeshika jezi nyeusi na bukta yake, akaacha wateja wote.

"Kaka, umeona ng'e huyo? Mtaliano mwenyewe. Hiyo haivaliwi, inaendeshwa."

Kweli, ng'e mwekundu kifuani, na mwingine nyuma ya bukta, upande wa kulia, pale pale unapopajua. Lebo zilikuwa zimekatwa. Nikauliza.

"Zinawasha shingo," akasema, hata hakukohoa.

Nikaijaribu juu ya suruali, kama tunavyojaribu mitumba yote. Nikamwambia inabana. Akanizunguka, akarudi nyuma hatua mbili, akatikisa kichwa kama mtu aliyeona gari jipya. "Ndiyo ilivyo. Isipobana, upepo unaingia, unapoteza kasi." Nikalipa.

Jumamosi tukatoka mimi na shemeji. Yeye, mtu wa Rapha, amevaa kaptura ya shule ya zamani na jezi ya Yanga. Mimi nang'aa. Tukashika barabara ya Lindi, kilomita 10 hivi mpaka Mikindani, tukateremka na ghuba inaonekana chini, watoto wanapiga kelele pembeni. Nikajua wanaona mtindo.

Tulipofika chini shemeji akafunga breki. "Tupite kwa mama tusalimie."

"Shem, niangalie nilivyo."

"Upite Mikindani mchana kweupe usisalimie? Dada yangu atakuuliza wewe, si mimi."

Ukweni kwangu ni kwa watu wa heshima zao. Nikaingia uani nimeshika helmeti mbele, chini ya tumbo, kama sahani ya harusi iliyopotea njia. Mama mkwe alikuwa anapepeta mchele. Nikamwamkia, akaitikia "Marahaba, baba," akageuza uso haraka kutazama ukuta. Bibi yake mke wangu alikuwa kwenye mbuzi anakuna nazi. Yeye hakugeuza uso. Bibi na mume wa mjukuu wana utani wao.

"Mume wangu," akasema, "nguo zilikuwa zimeisha dukani?"

Nikacheka cha kujikaza, nikageuka kuchota maji mtungini. Nikainama.

"Tulia!" Bibi alinyanyuka kwenye mbuzi kwa wepesi ambao sikuutegemea kwa umri ule. "Usitikisike, mume wangu! Anakuuma sasa hivi!"

Nikaganda. Nilidhani nyoka. Nikafumba macho, nikasikia kandambili inavuliwa, kisha paa! Kitambaa kile ni chembamba, jamani, na ndani, kama nilivyosema, hapakuwa na msaada wowote.

"Hajafa!" Paa! "Ana roho ngumu huyu!" Paa!

"Bibi, hiyo ni nembo!" Nikageuka kumwelewesha, na ndipo mtoto wa jirani, aliyekuwa juu ya ukuta muda wote, akapiga yowe: "Na kifuani yupo mwingine!"

Macho ya Bibi yakaenda kwenye mchi. Namshukuru Mungu mchi ulikuwa mbali, akaokota mwiko. Mimi nikazunguka mtungi, Bibi nyuma yangu, shemeji amekaa chini kabisa mchangani anashindwa kupumua, majirani wanaingia mmoja mmoja kuuliza nani kaumwa. Mwanamke mmoja akashauri nivuliwe upesi kabla sumu haijapanda. Wote wakaafiki.

"Hapana!" nikapiga kelele. "Msinivue!"

"Ameshaanza kuweweseka," akasema yule mwanamke.

Aliyeniokoa ni mama mkwe. Bila kunitazama alinirushia kanga mbili, akawafukuza watu uani, akamwambia mwanawe aache kucheka anisaidie zipu, maana ilikuwa imegoma katikati. Nikakaa mkekani nimejifunga kanga ya mkwe wangu. Bibi akaichukua jezi, akaisogeza kwenye mwanga, akaikagua kwa kidole kwa muda mrefu.

"Ndiyo maana hafi," akasema. "Ng'e ana miguu minane. Huyu ana sita. Nani alikuuzia?"

Shemeji akaanza kucheka upya.

Jumatatu tulimfuata yule jamaa sokoni, jezi mkononi. Nikamhesabia miguu mmoja baada ya mwingine mbele ya wateja wake. Akaichukua, akaigeuza, akaiangalia kwa mapenzi.

"Kaka, hii ni toleo la mbio," akasema. "Wamempunguza miguu miwili apungue uzito. Ungeniambia mapema ningekuongezea bei."